Dawa ya nano imegoma kwenye mpunga: tuanzie wapi kutafuta kosa?

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo ujionee mwenyewe, dawa imegoma."

Mazungumzo yangu mengi ya msimu huanza hivyo, ukingoni mwa jaruba, mpunga ukiwa umefika magotini na ncha za majani zimegeuka rangi ya makuti makavu. Chupa tupu iko pale pale kwenye tuta. Imeandikwa "nano" kwa herufi kubwa, na mwenye shamba anataka jibu moja tu: dawa ni mbovu au si mbovu?

Mara nyingi jibu haliko kwenye chupa. Liko kwenye jani, kwenye ndoo, kwenye mfereji, au kwenye siku aliyopulizia. Humu nazifuata dalili jinsi ninavyozifuata shambani, nikianza na ile inayopoteza fedha nyingi kuliko zote.

Kwanza tumjue adui. Mnyauko bakteria wa mpunga huletwa na bakteria aitwaye Xanthomonas oryzae. Anapenda joto la nyuzi 25 hadi 34, hewa yenye unyevu, upepo na mvua za kupiga. Sisi wa Morogoro tuna sababu ya kumwogopa kuliko zamani. Mwaka 2019 ulizuka ugonjwa mkali Dakawa, na watafiti walipochunguza vinasaba wakakuta bakteria wale hawafanani na wa Afrika tuliowazoea. Wana undugu na wale wa kusini mwa China. Aina za mpunga tunazolima hazikuwa na kinga ya kuwazuia.

Ndipo watu wakageukia chembe nano: zinki oksidi, shaba, madini ya fedha, kitosani inayotokana na maganda ya kamba na kaa. Chembe hizi zina ukubwa wa nanomita 1 hadi 100, na nanomita moja ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Bakteria wetu ana urefu wa nanomita 1,000 na zaidi, kwa hiyo chembe ishirini za nanomita 50 zinaweza kujipanga mstari mmoja ubavuni mwake. Zikimgusa, zile za madini humwaga ayoni (atomi za madini zenye chaji ya umeme), hutoboa utando wake, na huzalisha oksijeni kali inayomvuruga ndani. Kwa kuwa ni ndogo sana, gramu moja ina eneo kubwa la kugusa kuliko gramu ile ile ya unga wa kawaida, na kwa hiyo dozi inaweza kuwa ndogo. Naiamini kazi hii. Lakini ushahidi wake mwingi umepatikana kwenye visahani vya maabara na kwenye vyungu ndani ya banda. Jaruba lina jua, lina tope, lina maji ya mfereji wa watu mia.

Majani yanaendelea kukauka kana kwamba hukupulizia

Swali la kwanza: una uhakika ni bakteria?

Chukua glasi inayopitisha mwanga, tia maji safi. Kata kipande cha jani chenye urefu wa kidole, mahali ambapo ukijani unakutana na unjano, wala si pale palipokwisha kukauka. Kisimamishe kwenye maji, ncha iliyokatwa ikielekea chini, kisha inua glasi mbele ya mwanga. Subiri dakika chache. Kama ni bakteria, utaona uzi mwembamba wa utelezi ukishuka kutoka kwenye mkato, mfano wa moshi wa udi, ila huu unakwenda chini na rangi yake ni ya maziwa yaliyozimuliwa. Ukiuona mara moja hutausahau. Yule mama nilimshikisha glasi mwenyewe. Aliitazama kimya, kisha akawaita wanawe waje waone "usaha wa mpunga." Sijapata jina zuri kuliko hilo.

Kama uzi haukushuka, rudia kwa majani mengine matatu kutoka sehemu tofauti za shamba. Yote yakibaki kimya, acha kufikiria bakteria na uanze kuangalia haya.

Madoa yenye umbo la jicho, katikati kijivu na ukingo wa kahawia, ni blasti, na huyo ni fangasi. Majani yenye michirizi ya manjano kwenye mmea uliodumaa ni kimyanga, ugonjwa wa virusi ambao hakuna dawa ya kupulizia inayoutibu, iwe ya nano au nyingine yoyote. Vidoa vidogo vya rangi ya kutu vinavyoanzia kwenye ncha za majani ya chini, katika jaruba lenye maji yaliyotuama na utando mwekundu, mara nyingi ni sumu ya madini ya chuma. Kingo za majani makuukuu zinazogeuka manjano kisha kahawia kwa shamba zima kwa mfanano mmoja zinaweza kuwa njaa ya potasiamu. Hii ya mwisho imewapotosha wengi, kwa sababu kwa mbali inafanana na mnyauko kama pacha.

Tofauti ninayoitegemea nikiwa nimesimama tu ni hii: mnyauko bakteria huanzia ncha au ukingo wa jani, na mpaka kati ya kijani na manjano huwa na mawimbi kama ukingo wa kitambaa kilichochanika. Kisha hauko sawasawa shambani. Huanzia kwenye lango la maji, au upande upepo ulikotoka, na kutanuka kwa mabaka. Asubuhi na mapema, kabla jua halijachoma, pitisha kidole kwenye majani machanga yaliyoanza kuugua. Ukikuta matone madogo ya manjano yanayonata, hapo huhitaji hata glasi.

Miche michanga ina utata wake. Wiki moja hadi tatu baada ya kupandikiza, miche inaweza kunyauka na kufa mzima mzima, na mkulima husema ni funza wa shina. Vuta jani la katikati. Likichomoka kirahisi na chini limetafunwa, kweli ni funza. Lisipochomoka, minya sehemu ya chini ya shina kwa vidole viwili. Ukitoka ute wa manjano, ni bakteria.

Kuna na kosa la upande wa pili, ambalo watu hawalilalamikii kwa sababu linafurahisha. Unapulizia chembe za zinki oksidi, mpunga uliodumaa unachangamka, unasema dawa imeua bakteria. Pima tena kwa glasi. Mashamba mengi ya mpunga yana upungufu wa zinki, na huenda umelisha mmea uliokuwa na njaa. Ni jambo jema, lakini mwakani ukija mnyauko wa kweli usije ukautegemea ushindi ambao hukuupata.

Glasi imesema ni bakteria, umepulizia, na bado ugonjwa unasonga

Hapa kosa ni la siku, na ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu mkulima amefanya kila kitu kingine sawa.

Bakteria huyu haishi juu ya jani. Huingia kupitia matundu madogo yaliyo ukingoni mwa jani, yale yale yanayotoa matone ya maji alfajiri, na kupitia majeraha. Akiingia anakwenda kwenye mishipa inayopandisha maji, na huko anaulazimisha mmea umfungulie milango ya sukari ili ale. Dawa unayopulizia inakaa nje. Chembe ni ndogo kweli, lakini udogo peke yake hauzifikishi kwenye mishipa kwa wingi wa kutosha kumwangamiza aliyekwisha kuzaana humo. Ukiona jani limekauka nusu, nusu hiyo hairudi, na hakuna atakayeirudisha.

Kwa hiyo chembe nano zina kazi ya mlinzi wa mlangoni. Zinatakiwa ziwepo kabla bakteria hajafika: kwenye mbegu, kwenye kitalu, mara baada ya kupandikiza, na mara baada ya mvua yenye upepo mkali iliyochanachana majani. Kama ugonjwa umeshaingia pembe moja, pulizia majaruba ambayo bado ni mazima, yaanze hayo, na yale yaliyougua yafuate mwisho. Wengi hufanya kinyume. Huanza na jaruba lililoharibika sana, wakatembea ndani yake, kisha miguu na bomba lenye utelezi vikaingia kwenye jaruba ambalo halijaugua.

Ukikata ncha za miche kabla ya kupandikiza, acha. Najua tumelelewa katika desturi hiyo, na miche mirefu ina usumbufu wake. Lakini kila ncha uliyoikata ni mlango uliouacha wazi, kisha ukautumbukiza kwenye maji.

Na urea. Mara nyingine nakuta mtu amepulizia dawa Jumatatu na Alhamisi amemwaga mbolea ya kukuzia, mfuko mzima kwa mkupuo, ili mpunga "upate nguvu ya kupona." Mpunga ulionenepeshwa kwa nitrojeni una majani laini na mazito yanayoshika unyevu, na bakteria hustawi humo. Ugonjwa ukiwa shambani, simamisha urea. Ukirudi kuiweka, igawe kidogo kidogo.

Maji nayo. Kama jaruba la jirani linaugua na maji yake yanapitia kwako, unapulizia ugonjwa unaoletewa kila siku. Funga lango kwa siku kadhaa kama hali ya maji inaruhusu, uyatoe yaliyomo, na mzungumze. Mpunga pori uliojiotea kwenye kingo za mfereji nao uondolewe, kwa kuwa huweza kumhifadhi bakteria kati ya msimu na msimu.

Mchanganyiko umebadilika rangi, umeganda, au pua ya bomba imeziba

Dalili hii naipenda, maana inajieleza yenyewe. Tundu la pua ya bomba lina upana unaokaribia milimita 1, yaani nanomita 1,000,000. Chembe kubwa kabisa inayostahili kuitwa nano ina nanomita 100. Zingeweza kupita chembe elfu kumi zikiwa zimepangana bega kwa bega. Basi kama pua imeziba, kilichomo ndani ya bomba lako si nano tena. Chembe zimeshikamana zikawa mabonge, na bonge halina kazi uliyoilipia: eneo la kugusa limepungua, na lenyewe limezama chini ya tangi.

Sababu kubwa ni maji. Maji ya kisima yenye chumvi yana kloraidi, na kloraidi ikikutana na ayoni za fedha hutoa unga mweupe ambao juani hugeuka mweusi. Mchanganyiko mzuri wa chembe za fedha huwa wa manjano hadi hudhurungi na unapitisha mwanga. Ukigeuka kijivu huku mashapo yakishuka, umekufa. Maji magumu yenye chokaa nayo huzikusanya chembe za aina nyingi. Kitosani ina tabia yake: huyeyuka katika maji yenye uchachu kidogo tu, na pH, kipimo cha uchachu, ikipita 6.5 huanza kujikunja na kutoa vitu kama vipande vya maziwa yaliyoganda. Zinki oksidi ni kinyume chake. Kwenye maji yenye uchachu huyeyuka ikawa chumvi ya zinki ya kawaida, na chumvi hiyo kwa kipimo kile kile inaweza kuunguza majani.

Jaribio lake halina gharama. Chukua chupa tupu ya maji ya kunywa, safi. Changanya kiasi kidogo kwa maji yale yale utakayotumia shambani, kwa uwiano ule ule wa kwenye lebo. Tikisa, uiweke kivulini nusu saa. Ukikuta tabaka chini, tikisa tena. Likitawanyika na kubaki limetawanyika, unaweza kuendelea, ila uwe unalitikisa bomba kila unapofika mwisho wa jaruba. Likizama tena papo hapo, badili maji. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye pipa safi ndiyo rafiki mkubwa wa dawa hizi.

Sababu ya pili ni mchanganyo. Mbolea za majani zenye fosforasi hushikana na zinki ikawa kitu kisichoyeyuka. Sabuni ya unga ya kufulia, ambayo watu huitia ili dawa inate, ina chaji hasi na kitosani ina chaji chanya, hivyo hukumbatiana na kuganda. Kila dawa iende peke yake mpaka chupa yako ya majaribio ikuruhusu.

Dawa haishiki, matone yanateleza

Jani la mpunga lina nta na vinyweleo vidogo. Maji hujiviringa juu yake na kudondoka kama shanga. Simama kando ya jani moja uone: ukipulizia kwa matone makubwa, mengi yanaishia kwenye maji ya jaruba. Tumia pua inayotoa ukungu mwembamba, na kinatishi, yaani kitu cha kuifanya dawa inate, kilichotajwa kwenye lebo ya dawa hiyo. Pulizia jioni jua likipoa, au asubuhi umande ukishakauka. Mvua ikinyesha kabla dawa haijakauka kwenye jani, hesabu kwamba hukupulizia, lakini usirudie siku ile ile kwa hasira.

Siku mbili baada ya kupulizia, ncha zimeungua

Usidhani ni ugonjwa umeongezeka. Mnyauko una mabaka na mpaka wenye mawimbi. Kuungua kwa dawa kunafuata njia uliyotembea. Kuna mistari, na palipopuliziwa mara mbili pameungua zaidi. Madoa ni makavu, uzi wa maziwa haushuki kwenye glasi.

Chanzo huwa kipimo kilichozidishwa, jua la saa sita, au shaba. Shaba ni kali kwa mpunga hata ikiwa ya kawaida, na ikiwa nano inatoa ayoni upesi zaidi. Kwa dawa yoyote mpya, pulizia kwanza eneo la mita 1 kwa 1 kwenye kona, usubiri siku tano. Siku tano hizo zinawakera watu wenye haraka, na nawaelewa, ila jaruba zima likiungua hakuna cha kufanya zaidi ya kungoja majani mapya.

Tukiwa hapa niseme la samaki. Madini ya fedha na shaba yana sumu kwa viumbe wa majini, na huua pia vijidudu vya tope vinavyoufaa mpunga. Usioshee bomba mferejini. Vaa barakoa, glovu na miwani, kwa sababu ukungu wa chembe hizi ukiuvuta unafika mbali kwenye mapafu. Na wale walioona mtandaoni jinsi ya kutengeneza chembe za fedha kwa kuchemsha mwarobaini na kutia chumvi ya fedha: maabara wanafanya hivyo kweli, lakini wana vifaa vya kupima walichokipata. Nyumbani hutajua kama umepata chembe, mabonge au chumvi tupu, na chumvi hiyo huunguza macho na kuacha ngozi nyeusi.

Msimu wa kwanza ilifanya kazi, wa pili haikufanya

Bakteria hujifunza. Jamii hii ya Xanthomonas imeshaonyesha usugu kwa shaba kwenye nyanya katika nchi nyingi, kwa hiyo usiegemee madini moja msimu hadi msimu. Lakini kabla ya kusema usugu, uliza mbegu ilitoka wapi. Wengi huweka mbegu kutoka shamba lililougua, na mabua yaliyoachwa shambani yanakuwa na bakteria pia. Mbegu safi ya aina inayostahimili ina uzito kuliko chupa tatu za dawa. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kwamba wameihariri aina ya mpunga iitwayo Komboka kwenye vinasaba vya ile milango ya sukari niliyoitaja, ikawakinza bakteria wa zamani na hawa waliozuka Morogoro. Huko ndiko macho yangu yalipo.

Na chupa yenyewe

Kuna wakati chupa ndiyo yenye kosa. Soma neno linalofuata "nano." India ilianza kuuza urea ya nano ya maji mwaka 2021, na tangu hapo bidhaa nyingi za jina hilo ni mbolea. Nimemkuta mtu akipulizia nitrojeni juu ya mnyauko bakteria akiamini ni dawa, kwa sababu muuzaji alimwambia "nano inaua kila kitu." Tafuta namba ya usajili ya mamlaka inayosimamia viuatilifu, yaani TPHPA kwa Tanzania, au PCPB kwa Kenya, jina la zao, jina la ugonjwa, na kiambato kilichotajwa kwa kiasi. Lebo isiyotaja zao wala ugonjwa, irudishe kaunta.

Ukishindwa kabisa

Peleka sampuli kwenye kituo cha utafiti kilicho karibu. Kwa sisi wa Morogoro kuna TARI Dakawa na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Chuna majani asubuhi, kumi au zaidi, yenye sehemu ya kijani na sehemu ya manjano kwa pamoja. Yafunge kwenye gazeti, si kwenye mfuko wa plastiki, maana kwenye plastiki yataoza njiani na maabara watakuta bakteria wa kuoza. Andika tarehe ya kupandikiza, aina ya mbegu, tarehe ya kila dawa na kila mfuko wa urea, na maji uliyochanganyia. Beba na chupa ya dawa, hata kama ni tupu, pamoja na nusu lita ya maji hayo.